Kuvu ya kuzuia sumukuvu: ni kweli, ila usiishie hapo

Dada wa Kongwa, umeuliza kama ni kweli watafiti wanamwaga kuvu shambani ili kuzuia sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga, au ni maneno ya wauza dawa. Ni kweli. Kuvu ya Aspergillus flavus, ndiyo inayoleta sumu hiyo, ina koo nyingi, yaani aina ndogondogo za kuvu ileile. Nyingine hutengeneza sumu, nyingine haziwezi kabisa. Aflasafe, dawa iliyosajiliwa Tanzania mwaka 2018, ni punje za mtama zilizokaangwa zisiote, kisha zikapakwa zile koo zisizo na sumu. Unatawanya kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajachanua. Zikiwahi kuenea, zenye sumu zinabanwa, hazipati nafasi. Lakini udongo uwe na unyevu. Ukimwaga kwenye vumbi umetupa hela. Na wafungie kuku, maana wataila yote.

Mimi ningeanza na turubai kabla ya dawa. Mahindi yaanikwe juu yake, si chini, mpaka yakauke kabisa. Kupima: tia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikigandia ukutani, rudisha juani.

Karanga zilizosinyaa au kuota ukungu usizisage wala usimpe ng'ombe, sumu hupita hadi kwenye maziwa. Kupika hakuiondoi. Kumbuka 2016, sumu hiyohiyo iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Msimu ukikaribia muulize bwana shamba wa kata dawa inapatikana wapi.