Ukitaka kualika timu za watoto, anza na vitanda

Siku tatu baada ya kufunga mashindano yetu ya mpira wa miguu ya watoto hapa Lubumbashi, Kongo, kocha mmoja kijana wa Likasi aliniandikia: "Yaya (ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa), na mimi nataka kufanya mashindano kama yako, ya miji mingi. Nianzie wapi? Kikombe kizuri kinauzwa bei gani?"

Hilo swali la mwisho nililisoma mara mbili, maana ndilo nililoanza nalo mimi mwaka 2023, na lilinigharimu aibu ambayo mpaka leo haijaniisha moyoni. Nakujibu hapa, mdogo wangu, ili na wengine wasikie. Najua wengi mnaonisoma mna timu ya watoto mahali fulani, jezi pungufu, mpira uliopasuka ukashonwa, na hamu kubwa ya kuwaonyesha watoto wenu kwamba dunia haiishii kwenye kiwanja chao.

Mwaka huu zimekuja timu 12, watoto wa miaka 11 na 12. Likasi, Kipushi, Kolwezi, Kasumbalesa, za hapa mjini, na kwa mara ya kwanza timu ya nchi nyingine, kutoka Ndola, Zambia. Siku tano nzima hakuna mtoto aliyelala njaa wala aliyelala sakafuni. Najivunia, na sitaficha.

Wazo lenyewe nililitoa kwenye barafu. Nilikuwa nasoma mjini Quebec, Kanada, nimepanga chumba kwa wazee wawili, mume na mke, ambao watoto wao wameshaoa na kuhama. Kila Februari mji ule unapokea mashindano ya kimataifa ya hoki ya barafuni ya watoto. Yalianza mwaka 1960. Wanayaita ya pee-wee, yaani daraja la watoto wa miaka 11 na 12, na ndipo nilipoiga umri wa mashindano yangu. Kwa asiyeijua hoki hiyo: kila upande una wachezaji sita pamoja na golikipa, wamevaa viatu vya chuma cha kuteleza, wana magongo, na wanachogombania ni kisahani cheusi cha mpira mgumu. Wayne Gretzky, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa hoki, alicheza pale mwaka 1974 akiwa mtoto tu. Manon Rhéaume alisimama golini mwaka 1984, msichana wa kwanza kuwa golikipa katika mashindano yale. Mtoto wa Quebec anayaota mashindano hayo kama mtoto wa Kamalondo, hapa kwetu Lubumbashi, anavyoiota klabu yetu ya Mazembe.

Sasa timu ikitoka ng'ambo na watoto kumi na saba, watalala wapi? Wengi wanalala kwa familia za mji. Wazee wangu walipokea wawili kutoka Ulaya, na Kifaransa chao hakikuzidi "bonjour". Kwenye mlango wa friji yule mama alibandika karatasi: saa za mechi, nani hali karanga, nani anaogopa giza, namba ya simu ya mama wa kila mmoja. Jioni glavu zao zilizolowa jasho zilipangwa juu ya kipasha joto, nyumba nzima ikanuka kama ngozi mbichi, wala hakuna aliyelalamika. Kabla ya kulala watoto walimwaga mezani beji zao ndogo za chuma, kila timu ina yake, wakazihesabu: tumebadilishana na nani leo, ya nani bado hatujaipata. Nilimwona mmoja, timu yake imefungwa mchana ule na machozi yamemkauka usoni, akicheka kwa sababu ya beji moja yenye picha ya dubu.

Mwaka huohuo, Februari 2023, ilikuja timu ya watoto wa Ukraine. Vita ilikuwa imewatawanya nchi mbalimbali za Ulaya, wakakusanywa Romania kufanya mazoezi, ndipo wakaletwa Quebec. Nao walipokewa kwenye nyumba za watu. Nilikwenda kuwatazama wakicheza na timu ya Boston, kwenye uwanja unaobeba watu zaidi ya 18,000. Walishinda 3–1. Watu walisimama, wazee wanalia, na mimi mtu wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nalia nao, nikiwafikiria watoto wetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, ambao nao vita imewatawanya. Usiku ule nilijiapia kwamba nikirudi nyumbani nitafanya kitu.

Nikarudi, nikafanya kitu kibaya.

Nilikuwa na dola 900. Nilinunua kikombe kirefu kuliko mtoto anayekipokea. Nikatengeneza mabango. Nikakodi hema na viti vya plastiki vya wakubwa, na maji baridi ya wakubwa. Kuna mfadhili aliyeniahidi jezi na magodoro. Siku ilipofika simu yake haikupatikana. Watoto wa Likasi na Kipushi nikawalaza kwenye darasa la shule moja, juu ya madawati yaliyounganishwa, katika baridi ya mwezi wa saba. Wenyeji mnaijua baridi yetu ya kiangazi. Saa nane usiku mtoto mmoja akashikwa na homa, anatetemeka, anamwita mama yake, na mimi sina hata namba ya huyo mama. Asubuhi kocha wao aliwapandisha kwenye basi, nusu fainali hawakucheza. Baba mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alinitazama, akatazama hema langu, akaniuliza: "Papa kocha, uliita batoto ao uliita bakubwa?"

Sikuwa na jibu. Nililiona basi likiondoka na vumbi lake. Miezi mitatu sikukanyaga kiwanja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiniuliza uanzie wapi, nakwambia anzia nyumbani kwa mama mmoja. Mwambie: nitakuletea watoto wawili kwa siku tano, wawili, si mmoja, maana mmoja atalia. Ukimpata huyo, nenda kwa wa pili. Mwaka wa pili nilizunguka Katuba na Kenya (mtaa wetu wa hapa mjini, si ile nchi) kwa miguu, kila lupango, yaani kila ua wa nyumba, jioni baada ya kazi. Wapo walionicheka. Nilipata nyumba 14, na nilialika timu mbili tu, kwa sababu nyumba 14 zinatosha timu mbili. Hesabu ya vitanda ndiyo inayokwambia idadi ya timu.

Halafu kaa na akina mama kabla ya wageni kufika. Andika karatasi kama ile ya friji: nani hali sombe (kisamvu), nani ana dawa za kunywa, namba ya simu ya mzazi. Mtoto azungumze na nyumbani kila jioni, hata dakika mbili. Timu ya Ndola niliiandalia karatasi za ruhusa za wazazi mwezi mzima kabla, nikaenda mwenyewe mpakani Kasumbalesa kuuliza kinachotakiwa. Na niliwaweka kwenye nyumba zinazosema Kibemba. Siku ya kwanza tu nilimkuta golikipa wao amekaa jikoni anamsaidia bibi kukoroga bukari, yaani ugali, wanabishana kwa Kibemba kama mtu na mjukuu wake.

Jambo jingine nimelitoa kwenye hoki. Pale mtoto anaingia barafuni muda mfupi sana, chini ya dakika moja, anatoka, mwenzake anaingia, mpaka timu yote inazunguka. Nikaweka sheria: kila mtoto aliyesafiri acheze nusu ya mchezo. Kocha mmoja rafiki yangu wa miaka mingi alinitukana mbele ya watu, akasema naharibu mpira, akaondoka na timu yake. Iliniuma na bado inaniuma, tulikula pamoja sahani moja. Lakini jamani, mtoto amepanda basi kutoka Kolwezi, mama yake amekopa nauli, halafu unamweka benchi siku tano ili wewe upate kikombe? Hicho kikombe utakunywea nini? Makocha wenzangu, hawa watoto si ngazi zetu. Tuwaogope kidogo wazazi wao, tumwogope na Mungu.

Beji nazo nilizileta. Sisi ni watu wa shaba, nikaenda kwa fundi anayefua shaba, akanikatia misalaba midogo ya Katanga, mfano wa ile fedha ya shaba ya mababu zetu, mikubwa kama ukucha wa kidole gumba, kila timu ina alama yake imegongwa kwa nyundo katikati. Zilikuwa za bei nafuu kuliko hema. Siku ya pili watoto wote walikuwa wanabadilishana, na wa Ndola walirudi wamezishona kwenye kofia.

Na ile ahadi ya Quebec? Mwaka huu tulikuwa na timu ya watoto wa Kivu, waliokimbia vita na sasa wanaishi kwa shangazi na wajomba zao hapa mjini. Walicheza vizuri, wakatolewa kwa penalti. Wiki moja kabla ya mashindano, shangazi wa mmoja wao alinigongea mlango jioni. Nilidhani amekuja kuomba msaada. Kwake wanaishi watu tisa kwenye vyumba viwili. Amekasirika: kwa nini majirani wamepewa wageni na yeye hakupewa? Nikamwonyesha kwamba nyumba yake imejaa. Akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone, au kwa mkimbizi methali hiyo haifanyi kazi?" Nilimpa wawili wa Kolwezi. Walilala kitanda kimoja na mpwa wake, na siku ya kuondoka ilibidi nisubirishe basi nusu saa kwa ajili yao.

Basi mdogo wangu wa Likasi, zunguka kwanza. Nyumba zikifika 14, nipigie, nitakupeleka mwenyewe kwa fundi wa shaba. Jumapili hafungui.