Jibu: Nianze na Appleseed Alpha au ile ya 2004?

Mkuu, umeuliza kuhusu filamu za katuni za Kijapani za Appleseed: kama Alpha (2014) ni lazima uione kabla ya ile ya 2004 kwa kuwa inasimulia ya nyuma. Si lazima. Zote mbili ziliongozwa na Shinji Aramaki, lakini hadithi hazishikani. Katika ile ya 2004, Deunan, askari wa kike, anafika mji wa Olympus na kushtuka kukuta mpenzi wake Briareos ameshakuwa na mwili wa mashine. Kwenye Alpha mwili huo anao tangu mwanzo, wako pamoja kwenye magofu ya New York, na Olympus ni jina wanalolisikia tu. Ukizipanga kwa mfuatano utachanganyikiwa bure. Alpha ichukulie kama mwanzo mpya uliochotwa kwenye manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Masamune Shirow.

Watazamaji wengi waliisifu kwa picha: vyuma, vumbi, mapigano. Walicholalamikia ni hadithi nyepesi, na Talos, adui mkuu, hana sababu za kueleweka. Nakubaliana nao. Hata nyuso zinazokaribia za watu halisi zinapooza kwenye mazungumzo. Za 2004, zenye sura ya kuchorwa, zinavumilika zaidi.

Anza na ya 2004, kisha Ex Machina (2007) inayoiendeleza. Alpha iache siku unayotaka mapigano tu.