Emmy Noether hakuwa mwanafizikia

Ndugu, umeuliza kama Noether alikuwa mwanafizikia, kwa kuwa jina lake umelikuta kwenye somo la uhifadhi wa nishati. Hapana, alikuwa mwanahisabati hasa. Ile kanuni ya 1918 inayounganisha ulinganifu (sheria za asili kubaki zilezile, tuseme leo na kesho) na uhifadhi ni yake kweli, lakini moyo wake ulikuwa kwenye aljebra. Mwaka 1921 alichukua mifumo ambamo unajumlisha, kutoa na kuzidisha kama kwa namba nzima, akaonyesha kwamba sharti moja tu linazaa mambo mengi: mnyororo wa aidiali (sehemu za mfumo ambazo ukijumlisha au kutoa vitu vyake, au ukizidisha kitu chake na chochote cha mfumo, unabaki humo humo) unaopanda, kila moja ikiwa ndani ya inayofuata, lazima ufike mahali ukome. Mifumo yenye sharti hilo leo inaitwa kwa jina lake. Mimi naona hapo ndipo ukubwa wake ulipo.

Kinachoniuma ni jinsi alivyotendewa. Katika Chuo Kikuu cha Erlangen, Ujerumani, alifundisha miaka mingi bila mshahara. Katika Chuo Kikuu cha Göttingen, alikoitwa na wanahisabati Hilbert na Klein mwaka 1915, mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Hilbert, maana mwanamke hakuruhusiwa. Mwaka 1933 Wanazi wakamfukuza kwa kuwa Myahudi. Akahamia chuo cha Bryn Mawr, Marekani, akafariki 1935 baada ya upasuaji, akiwa na miaka 53.