Faini peke yake haitamvalisha abiria helmeti

Mkuu, umeuliza kwa nini faini ya helmeti isirudishwe ilikokuwa, kwa sababu shilingi 10,000 inalipika kirahisi na ndiyo maana watu hawavai. Mimi ni bodaboda wa Mbezi, Dar es Salaam, na ni katibu wa kituo chetu. Nakujibu kwa ninayoyaona barabarani.

Faini za pikipiki na bajaji zilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Kabla ya hapo abiria walikuwa wanapanda vichwa wazi vilevile. Kijana wa mkataba, yaani anayeendesha pikipiki ya mtu na kudaiwa hesabu ya mwenye pikipiki jioni, hana 30,000 ya kutoa, kwa hiyo akikamatwa anaomba wamalizane palepale, au anajifunza kupita njia za ndani.

Na trafiki wenyewe wako lami, mchana. Giza likiingia wanaondoka, na ukishakata kuelekea Makabe au Msakuzi hakuna anayekuuliza kitu. Helmeti inavaliwa barabara kuu, ikifika vumbini inaning'inizwa kwenye kioo. Wenzangu wengi walioumia kichwa wameumia huko huko, usiku: shimo, mbwa, bajaji isiyo na taa.

Anayeniuma zaidi ni abiria. Dereva akiwa amevaa, mara nyingi anaachwa apite hata kama nyuma kakaa mama na mtoto, wote vichwa wazi. Ukimpa abiria helmeti atakwambia inanuka, atapata fangasi, ametoka kusuka jana. Hasemi uongo, maana helmeti ya abiria inazunguka vichwa vya kila mtu kutwa nzima. Pale kituoni tulikubaliana kwamba dereva hapakii abiria bila helmeti mbili, na sponji la ile ya abiria lifuliwe na kuanikwa juani. Anayekiuka anarudishwa mwisho wa foleni, awe mgeni au mwenyekiti. Mwanzoni abiria walitukimbia, wakawa wanadaka pikipiki zinazopita. Baadaye wengi walirudi, na kina mama wakaanza kubeba kitambaa chao cha kujifunga kabla ya kuvaa. Utaratibu ule umeshika kwa sababu unasimamiwa saa zote, hata saa tano usiku.

Vietnam nao walikuwa na sheria ya helmeti miaka kadhaa bila wengi kuifuata. Tarehe 15 Desemba 2007 ikaanza kusimamiwa kwenye barabara zote, kwa dereva na abiria, faini ikiwa imepandishwa sana, na kwa muda mfupi wavaaji wakapita asilimia 90. Sikatai kwamba faini ilisaidia. Lakini kule mtu alijua atakamatwa popote alipo. Hapa kwetu ukipandisha faini bila askari kufika mitaani, unampandishia bei yule yule wa lami.

Halafu kuna kamba. Helmeti isiyofungwa kidevuni inachomoka kabla kichwa hakijagusa chini, na askari anayepitisha macho tu juu ya kichwa hajakagua kitu. Shirika la Afya Duniani limewahi kusema helmeti inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, ila hiyo ni helmeti yenyewe hasa, iliyofungwa. Sokoni zimejaa za plastiki tupu, ndani hazina lile povu gumu linalopondeka badala ya fuvu. Hizo zikamatwe dukani, kijana aliyeuziwa aachwe.

Kwa hiyo mimi ningeiacha hiyo 10,000, ila iandikwe kweli, hata kwa ajili ya abiria asiyevaa, na doria ziingie mitaani usiku. Na wewe uliyeandika kwamba una pikipiki mbili za mkataba, wakabidhi vijana wako helmeti mbili mbili zenye povu, uziandike kwenye mkataba, na siku ya kupokea hesabu uzikague kama unavyokagua tairi.