Ndugu wa Nguba, futa hiyo kanuni ya data kabla hujalala

Umeandika kwamba umeiwekea simu yako ya Android kanuni mbili, yaani maagizo inayoyafuata yenyewe bila kidole chako. Futa hiyo ya pili leo hii. Ile ya kwanza, kwamba simu iwashe Wi-Fi ukifika nyumbani Nguba, hapo Bukavu, na kuizima ukienda kazini Kadutu, baki nayo. Ila hii ya "Wi-Fi ikikatika, data ijiwashe" ndiyo iliyonimaliza mimi, tena kwa usiku mmoja, nikiwa usingizini.

Dada yangu mdogo alikuwa anaolewa. Mimi nilikuwa mtu wa simu kwenye kamati: kuwapigia wajomba wa Uvira na Kamituga, kuuliza nani anakuja lini na na nani. Kamati ikanipa dola 30 za yuniti, nikazitia zote kwenye laini moja. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimechoka kuwasha na kuzima kwa kidole, nikaweka MacroDroid, programu ya kutungia kanuni kama hizo zako, ikakataa kugusa data. Nikaipeleka simu kwa kijana mmoja fundi sokoni. "Papa, hiyo ni dakika tano." Akaichomeka kwenye kompyuta, akaandika andika, akaipa programu ruhusa ambazo huzikuti kwenye mipangilio ya kawaida. Na ili "nisikose rezo", yaani mtandao, akaniwashia rominga, laini itumie hata minara ya nchi nyingine. Nikamlipa, nikamnunulia na soda. Ile soda inaniuma mpaka leo.

Hakuniambia kwamba mlango ule wa data umefungwa makusudi. Tangu Android 5, mwaka 2014, programu za kawaida haziruhusiwi kuwasha data zenyewe. Na Android 10 ya 2019 ikazinyima programu mpya hata swichi ya Wi-Fi. Yeye alijua kuvunja kufuli, basi akavunja.

Usiku ule nililala Wi-Fi ikiwaka. Saa nane hivi umeme ukaenda. (Mabwawa ya umeme ya Ruzizi yako hapo chini yetu na bado tunanunua mishumaa, lakini hayo tuyaache.) Modemu ikafa. Simu ikafanya ilichoagizwa: Wi-Fi imepotea, maana yake mwenyewe ametoka, washa data. Nimetoka kwenda wapi saa nane ya usiku? Simu haitofautishi mtu aliyeondoka nyumbani na modemu iliyokosa umeme. Kwake ni kitu kimoja. Na wewe wa Nguba unajua kinachofuata: laini ya kwetu ikiyumba, simu inadandia mnara ulio karibu, na ulio karibu uko ng'ambo, Rwanda.

Subiri, bado. Siku ya dote, yaani mahari, nilirekodi video karibu saa nzima, wazee wakibishania mbuzi mmoja mwembamba. Kwenye programu ya picha nilikuwa nimeruhusu hifadhi ya mtandaoni itumie data, hata ya rominga, kwa sababu nilijiambia simu sasa ina akili. Ikaanza kupandisha zile video, moja baada ya nyingine, huku nakoroma.

Saa kumi na mbili nampigia mjomba wa Uvira. Yule mama wa kwenye laini ananiambia salio halitoshi. Naangalia: 0,00. Nikajua nimeibiwa. Nikamtazama vibaya hata shemeji aliyelala sebuleni, maskini. Ndipo nikafungua matumizi ya data, nikakuta mstari umesimama kama mlima, na pembeni jina: Picha. Kwenye kikao mtunza pesa akauliza, "Dola 30 zote, ulikuwa unampigia nani?" Nikajibu: mbuzi. Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo data iguswe na kidole chako tu. Si programu, si fundi. Wi-Fi ijiwashe inavyotaka, ikikosea hasara yake ni ndogo. Tena kwa hilo huenda huhitaji programu yoyote: simu nyingi za Android, ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, zina sehemu ya kuiwasha yenyewe ukikaribia mtandao uliokwisha kuuhifadhi. Usisahau kuwasha na huduma ya mahali. Ukitaka kutumia minara ya simu kama alama ya "niko nyumbani", pale kwenu usijaribu, leo simu itakuona Bukavu, kesho Kamembe, ng'ambo. Rominga zima. Kwenye orodha ya mitandao toa otomatiki, chagua wa kwako kwa mkono. Programu ya picha iwekee Wi-Fi pekee. Na yuniti za watu wengine usizitie kwenye laini yenye data, hilo nalo nililipia: niliwarudishia kidogo kidogo, miezi mitatu.

Uliuliza pia kuhusu iPhone ya mama watoto, na sijui nini cha betri usiku. Tutaona. Ile kanuni bado iko? Futa kwanza, kisha uje uniambie umefuta.