Kodi ya nyumba za halmashauri Uingereza
Ndugu, umeuliza kama mpangaji wa nyumba ya halmashauri, yaani nyumba inayomilikiwa na serikali ya mtaa, hulipa kidogo kwa sababu serikali humlipia nusu ya kodi. Sivyo. Kodi hiyo hupangwa kwa kanuni inayotazama mishahara ya eneo, thamani ya nyumba ilivyokuwa mwaka 1999 na idadi ya vyumba vya kulala, si bei ya soko, ndiyo maana jijini London nyumba mbili zilizopakana ukuta, moja ya halmashauri na nyingine ya mtu binafsi, zinaweza kupishana kodi kwa zaidi ya mara mbili. Ila soma mkataba vizuri, maana zipo pia nyumba za halmashauri zinazotozwa hadi asilimia 80 ya bei ya soko, na kwa London hiyo si nafuu hata kidogo. Kikwazo kikubwa cha kupata nyumba hizo ni foleni ya waombaji, kwa kuwa tangu sheria ya mwaka 1980 iliyowapa wapangaji haki ya kuzinunua, zilizouzwa ni nyingi kuliko zilizojengwa.