Barua kwa mwanangu: ukikaa, unalipa

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mama yako amezipokea. Umeuliza kama pauni 300, ukitoa malazi, zitawatosha wewe na mkeo siku nne London kabla hamjaenda kwa dada yako Leicester. Tena ukauliza kama ile chupa ya chai bado ipo.

Nilichukua karatasi nikaanza kujumlisha. Basi mwaka 2025 lilikuwa pauni 1.75 kwa kichwa, na ukishagonga kadi una saa nzima ya kubadili mabasi bila kukatwa tena. Taslimu hawapokei tangu 2014, msije mkaadhirika mbele ya dereva. Pandeni namba 24 kule Hampstead, kaeni ghorofa ya juu, viti vya mbele kabisa. Linapita Trafalgar Square na Bungeni mpaka Pimlico, na wako watalii wanaotozwa mara kumi ya hiyo kutazama majengo yaleyale. Mchana nunueni mkate dukani, mle bustanini.

Kauli yangu kuhusu mji ule umeisikia tangu unanyonya: ukikaa, unalipa. Kutembea bure, kusimama bure, kutazama bure. Pale Greenwich kuna njia ya miguu chini ya mto, imefunguliwa 1902, unavuka Thames yote bila kutoa peni. Bei inaanza unapovuta kiti.

Lakini mabenchi ya National Gallery, lile jumba la picha, nayo? Hayalipiwi. Basi kauli ina tundu, na aliyelitoboa ni mama yako.

Alikuja London Novemba 1997, siku kumi. Mimi niko chuoni kule, nyumba yetu ya Chumbageni, Tanga, imekwama kwenye lenta. Kila peni niliipiga kwa shilingi, na kila shilingi niliiona msumari wa bati. Siku ya tatu tukatembea kutoka King's Cross mpaka mtoni, tukarudi kwa miguu vilevile. Karibu na Russell Square palikuwa na mkahawa mdogo, vioo vimejaa mvuke, watu ndani wamevua makoti. Mama yako akasimama.

"Baba watoto, tunywe chai humu."

Nikamwambia chai tunayo, iko kwenye chupa. Tukainywa kwenye benchi la bustanini, upepo unakata vidole. Hakusema neno. Angesema, ningejitetea.

Kesho yake nikampeleka National Gallery, kwa kuwa kiingilio hakuna. Akakaa mbele ya mchoro wa Turner, ile meli kongwe ya vita, Temeraire, iliyopigana vita vya majini vya Trafalgar 1805, sasa inavutwa na kiboti cheusi kinachofuka moshi, inapelekwa kuvunjwa. Akakaa karibu saa nzima. Furaha niliyoipata siku ile, mwanangu! Mimi mtoto wa bandari ya Tanga, kumbe nimeoa mwanamke anayeweza kuionea huruma meli. Kisa hicho nimekisimulia miaka, nawe umekisikia mpaka ukakichoka. Halafu siku ya posa ya dada yako, mbele ya wakwe, nikiwa katikati ya kukisimulia tena, mama yako akasema taratibu, "Nilikuwa napumzisha miguu." Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Paa nililolibania pesa zile ni lilelile mlilonyeshewa chini yake mkiwa wadogo, maana nalo lilivuja. Vikombe viwili vya chai visingelichelewesha. Pengine bati moja. Hapana, hata hilo moja sidhani. Lakini ukikubali chai ya Jumanne, utaikataaje ya Jumatano? Unaona, hesabu ile sijaimaliza mpaka leo.

Na nyangumi. Siku zile makumbusho ya viumbe pale South Kensington walitoza kiingilio, nikamwambia mama yako ni samaki mkubwa tu, hana jipya. Si hata samaki! Kiingilio kiliondolewa 2001, na tangu 2017 mifupa ya nyangumi wa buluu imening'inizwa pale ukumbini unapoingia. Mpeleke mkeo. Mkifika chini yake, mpigie mama yako kwa video.

Kuhusu pauni 300, sisemi zinatosha wala hazitoshi. Wewe ni mtu mzima, na mkeo ana mdomo. Nilikuwa nimeandika msubiri mwakani, nikafuta, ingawa najua utauinua ukurasa kwenye mwanga uusome. Ila toeni kwanza pesa ya kukaa, mara moja kwa siku, kwenye kiti chenye meza, ndipo mgawane zilizobaki. Na mkeo akisimama mbele ya mlango wowote, wewe usimtajie dukani ni bei gani.

Chupa ipo. Mama yako ameifungia kabatini, na ufunguo anao yeye.

Baba yako